Betri Hufuata Sheria ya Kodi

Lori linalotoka Kolwezi, katika eneo la Katanga nchini Kongo, kwenda bandari ya Dar es Salaam halibebi kobalti tupu. Limebeba mifuko mikubwa ya unga wenye unyevu, hidroksidi ya kobalti, ambao hata ukikaushwa, kila tani ina kobalti ya kilo 300 hivi. Kinachobaki ni magnesi, manganizi, maji yaliyojifunga ndani ya kemikali na uchafu mwingine uliotoka na jiwe. Mzigo huo huvuka Kasumbalesa, hukata Zambia, hukaa foleni Tunduma, kisha hupakiwa melini. Sehemu kubwa huishia China. Huko ndiko husafishwa na kugeuzwa salfeti, halafu huchanganywa na nikeli na manganizi kutengeneza kathodi, ule upande wa betri unaogharimu fedha nyingi kuliko mwingine wowote.

Swali la miaka mingi ni hili: kwa nini tusafirishe uchafu kwa maelfu ya kilomita badala ya kusafishia hukohuko? Majibu yaliyozoeleka ni umeme, tindikali na mtaji. Ni majibu ya kweli, ila hayatoshi. Sehemu kubwa ya jibu imeandikwa kwenye sheria za ruzuku na kodi za nchi zinazonunua magari ya umeme. Sheria hizo hazichimbi chochote. Kazi yake ni kupanga hatua ipi ya safari ya madini italipa ikifanyikia wapi, na mara nyingi zimeinufaisha hatua ya kati, kati ya mgodi na gari. Afrika imebaki na hatua ya kwanza.

China ndiyo iliyoanza. Mwaka 2009 Beijing ilianza kutoa ruzuku kwa magari ya umeme, kwanza mabasi, teksi na magari ya taasisi katika miji ya majaribio, baadaye magari ya watu binafsi. Kumpa mnunuzi ruzuku ni jambo la kawaida. Kilichogeuza mambo ni sharti lililoingizwa mwaka 2015. Wizara ya Viwanda na Teknolojia ya Habari ilichapisha orodha ya watengenezaji wa betri waliokidhi vigezo, na gari lililotumia betri ya kampuni isiyokuwamo likawa linakosa ruzuku. Orodha ilifikia kampuni 57, zote za China. LG na Samsung za Korea Kusini zilikuwa ndiyo kwanza zimefungua viwanda vyake Nanjing na Xi'an, Oktoba mwaka huohuo. Hakuna aliyezifukuza. Zilibaki na mitambo mipya, wafanyakazi na betri nzuri ambazo mtengenezaji wa magari mwenye akili timamu hakuweza kuzinunua, kwani kila gari lingemkosesha ruzuku.

CATL, kampuni iliyoanzishwa Ningde mwaka 2011, ilipata miaka minne ya kukua ndani ya soko kubwa kuliko yote duniani bila kusukumana na wageni. Kufikia 2017 ilikuwa inaongoza duniani kwa betri za magari. Orodha ilifutwa Juni 2019, na kufikia hapo haikuwa na kazi tena.

Kulikuwa na sharti jingine, la kiufundi zaidi, ambalo athari yake ilifika mpaka Katanga. Kuanzia 2017 ukubwa wa ruzuku ulianza kutegemea kiasi cha umeme kinachohifadhiwa katika kila kilo ya betri. Betri za chuma na fosfeti, ambazo hazina kobalti wala nikeli, ni nafuu na hazishiki moto kirahisi, lakini ni nzito. Betri za nikeli, manganizi na kobalti ni nyepesi kwa kiasi kilekile cha umeme. Wahandisi wa China wakahamia kwenye kobalti kwa sababu ndiko ruzuku ilikokuwa. Bei ya kobalti katika Soko la Metali la London ilipanda mpaka karibu dola 95,000 kwa tani katika miezi ya kwanza ya 2018. Kinshasa nayo haikulala: mwaka huo ilitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati na kupandisha mrabaha hadi asilimia 10.

Kolwezi ilikuwa imeshaingia katika homa hiyo. Katika mtaa wa Kasulo watu walikuwa wakichimba viwanjani mwao tangu 2014, wengine wakifungua shimo ndani ya chumba na kuteremka moja kwa moja kutoka sakafuni. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na wakazi wakahamishwa. Halafu kobalti ikazidi sokoni, Beijing ikaanza kupunguza ruzuku, bei ikaporomoka hadi karibu theluthi ya ile ya kileleni, na Novemba 2019 kampuni ya Glencore ikasimamisha mgodi wake wa Mutanda, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya kobalti duniani. Machi 2020 kampuni ya China ya BYD ikaleta betri yake ndefu na nyembamba ya chuma na fosfeti, na kemia ile iliyopuuzwa ikarudi kwa kishindo. Mtu aliyechimba Kasulo hakuwa na sababu yoyote ya kujua kwamba kipato chake kilihusiana na kanuni ya uzito wa betri iliyoandikwa Beijing. Lakini kilihusiana nayo.

Marekani iliingia uwanjani kwa kuchelewa na kwa haraka. Tarehe 16 Agosti 2022 Rais Joe Biden alisaini sheria iliyopewa jina la Kupunguza Mfumuko wa Bei, jina lisilodokeza hata kidogo kilichomo kuhusu betri. Ndani yake, mnunuzi wa gari jipya la umeme aliahidiwa punguzo la kodi la dola 7,500, lililokatwa katikati. Dola 3,750 zilitegemea vipande vya betri vimetengenezwa wapi, na dola 3,750 nyingine zilitegemea madini yake yametoka wapi. Gari lenyewe lilipaswa kuunganishwa Amerika ya Kaskazini. Kwa upande wa madini, mwaka 2023 asilimia 40 ya thamani yake ilitakiwa iwe imechimbwa au kuchenjuliwa Marekani au katika nchi yenye mkataba wa biashara huria na Marekani, ama iwe imerejelezwa Amerika ya Kaskazini. Kiwango kilipangwa kupanda asilimia 10 kila mwaka hadi kufikia 80 mwaka 2027.

Neno la kulishika hapo ni “au”. Wizara ya Fedha ya Marekani ilipotoa mwongozo wa hesabu mwaka 2023, ilifafanua hivi: ikiwa angalau nusu ya thamani iliyoongezwa wakati wa kuchimba, au angalau nusu ya thamani iliyoongezwa wakati wa kuchenjua na kusafisha, imeongezwa katika nchi zinazokubalika, madini hayo yanahesabika. Nchi zenye mikataba hiyo ni 20. Chile, Australia, Kanada na Korea Kusini zimo. Barani Afrika ni Morocco peke yake. AGOA, ambayo kwa miaka mingi tuliambiwa ndiyo mlango wetu wa kuingilia soko la Marekani, haikuhesabiwa, kwa kuwa ni upendeleo unaotolewa na upande mmoja na si mkataba wa biashara huria.

Matokeo yake ni haya. Kobalti ya Kolwezi ikisafishwa Korea Kusini, ilihesabika. Kobalti hiyohiyo ikisafishwa Lubumbashi na kupelekwa moja kwa moja kwenye kiwanda cha kathodi cha Marekani, haikuhesabika. Kwa hiyo mwekezaji aliyekuwa akipima kati ya kujenga kiwanda cha kusafisha Katanga na kujenga cha namna hiyo Korea aliongezewa na sheria ya Washington sababu ya kutoichagua Katanga, hata kama umeme na tindikali vingekuwepo. Na Desemba 2022, miezi minne baada ya sheria kusainiwa, Marekani hiyohiyo ilitia saini na Kongo na Zambia hati ya maelewano ya kuzisaidia kujenga mnyororo wao wa betri. Sidhani kulikuwa na hila. Nadhani walioandika hati walikaa ofisi moja na walioandika kodi wakakaa ofisi nyingine, na katika mambo haya ofisi ya kodi ndiyo yenye nguvu.

Japani, ambayo nayo haikuwa na mkataba kamili wa biashara huria na Marekani, ilipata makubaliano ya haraka ya madini Machi 2023 na ikahesabiwa kuwa nchi rafiki. Indonesia iliomba mpango wa namna hiyo. Haikuupata.

Kulikuwa pia na kikwazo cha umiliki. Kuanzia 2024 kwa vipande vya betri, na 2025 kwa madini, gari lilikosa punguzo ikiwa hatua yoyote ya mnyororo wake ilipitia mikononi mwa “chombo cha kigeni kinachotiliwa shaka”, yaani kampuni iliyo chini ya China, Urusi, Iran au Korea Kaskazini. Desemba 2023 mstari ulichorwa kwenye asilimia 25 ya umiliki wa serikali ya nchi hizo. Hebu fikiria migodi miwili jirani, jiwe moja, tindikali moja, barabara moja kwenda bandarini. Mmoja una kampuni ambayo serikali ya China inashikilia asilimia 26, mwingine asilimia 24. Kwa mkemia mizigo hiyo haina tofauti. Kwa mhasibu wa kampuni ya magari ina tofauti ya dola 7,500 kwa kila gari.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini Morocco iligeuka ghafla kuwa kipenzi. CNGR ya China iliungana na kampuni ya uwekezaji ya Al Mada kujenga kiwanda cha malighafi za kathodi Jorf Lasfar. Gotion ilichagua Kenitra. LG Chem ya Korea nayo ilitangaza mradi huko pamoja na Huayou, kampuni ya China yenye mizizi mirefu katika kobalti ya Kongo. Kampuni binafsi ya China ikijenga katika nchi yenye mkataba na Marekani, na serikali ya China isipofikisha asilimia 25, ilikuwa na matumaini ya kupita. Sheria iliyotungwa ili kuikwepa China iliipeleka China Morocco. Waliokereka Washington walikuwa wengi, ila mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angewaambia mapema kwamba ukifunga mlango mmoja, mzigo utatafuta mwingine.

Mlango mwingine ulikuwa ndani ya Marekani kwenyewe. Magari ya biashara yalikuwa na punguzo lake, lisilo na masharti ya asili ya madini wala ya mahali pa kuunganishia, na mwishoni mwa 2022 Wizara ya Fedha ilithibitisha kwamba gari linalokodishwa kwa mteja kwa miaka miwili au mitatu linaweza kuingia humo. Hyundai, ambayo sheria ilikuwa imeinyima punguzo kwa kuwa magari yake ya umeme yaliunganishwa Korea, ikapata pumzi kwa njia ya ukodishaji. Huku ikiendelea kujenga kiwanda Georgia, katika kaunti ya Bryan. Huko nako, Septemba 2025, maofisa wa uhamiaji walivamia eneo la ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG na kuwakamata watu 475, wengi wao Wakorea waliokuja kufunga mitambo. Ruzuku inaweza kujenga ukumbi wa kiwanda ndani ya miaka miwili. Fundi anayejua kurekebisha mashine ya kupaka kathodi hapatikani kwa haraka hiyo.

Nchi zenye madini zinaweza kutumia fimbo badala ya ruzuku, na Indonesia ndiyo mfano unaotajwa kila mkutano wa madini. Tarehe 1 Januari 2020 ilipiga marufuku kusafirisha nje mawe ya nikeli yasiyochenjuliwa. Fedha za China zikamiminika Morowali na visiwa jirani. Umoja wa Ulaya uliishtaki katika Shirika la Biashara Duniani na jopo likaupa ushindi mwaka 2022. Indonesia ikakata rufaa, na mitambo ikaendelea kufanya kazi. Leo zaidi ya nusu ya nikeli inayochimbwa duniani inatoka huko.

Tanzania inaifahamu njia hiyo. Sakata la Machi 2017 la kuzuia makinikia yasisafirishwe nje lilikuwa na mantiki ileile, na sheria za mwaka huo ndizo zinazoipa serikali hisa za asilimia 16 katika miradi mikubwa, hisa ambazo haizinunui na ambazo hazipungui mtaji ukiongezwa. Mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, ulitiwa saini Januari 2021 kwa msingi huo, na ukaambatana na mpango wa kusafishia metali Kahama, eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Machi 2023, Kamala Harris akiwa ziarani Dar es Salaam, ilitangazwa kwamba nikeli ya daraja la betri ingeanza kwenda Marekani na kwingineko mapema kufikia 2026.

Lakini nikeli ya Indonesia ilikuwa imefurika. Tani iliyouzwa kwa karibu dola 30,000 mwanzoni mwa 2023 ilikuwa imeshuka hadi kama dola 16,000 mwaka mmoja baadaye. BHP, iliyokuwa imeweka fedha Kabanga, ilisimamisha migodi yake ya nikeli Australia Magharibi Oktoba 2024, na Julai 2025 hisa zake za Kabanga zikanunuliwa na Lifezone Metals, mbia mkuu wa mradi. Kwa maneno mengine, fimbo ya Jakarta ilitua Ngara. Anayetaja Indonesia kama somo kwa Afrika asisahau kwamba somo hilo lilifaulu kwa sehemu kwa kuwaondoa wengine sokoni, na kwamba Indonesia ilikuwa na nikeli nyingi kiasi cha kuamua bei. Tanzania haina ukubwa huo katika nikeli.

Kinywe ni habari tofauti kidogo, na kwa maoni yangu ndiko wasomaji wa ukanda huu wanakopaswa kuangalia kwa makini zaidi. Betri moja ya gari ina makumi ya kilo za kinywe, zaidi ya lithiamu yenyewe. Kinywe kinachotoka mgodini huwa na kaboni ya asilimia 95 hivi. Ili kiingie kwenye anodi lazima chembe zake zisagwe ziwe duara, kazi inayopoteza karibu nusu ya mzigo, kisha zisafishwe hadi asilimia 99.95, mara nyingi kwa tindikali kali ya floridi. Kazi hiyo karibu yote hufanyika China, na Desemba 2023 China iliweka vibali kwa anayetaka kukitoa nje. Marekani ilibanwa hivyo kiasi kwamba Mei 2024 ililegeza sheria yake yenyewe na kuwapa watengenezaji wa magari muda hadi mwisho wa 2026 bila kuulizwa kinywe chao kimetoka wapi.

Kampuni ya Syrah ya Australia inachimba kinywe Balama, katika jimbo la Cabo Delgado, kusini mwa mto Ruvuma, na imejenga kiwanda cha anodi Vidalia, Louisiana, kwa mkopo wa serikali ya Marekani wa hadi dola milioni 102. Msumbiji haina mkataba wa biashara huria na Marekani. Haukuhitajika: kazi ya kusaga na kusafisha inafanyika Louisiana, kwa hiyo kinywe cha Balama kilihesabika kutokana na hatua ya kati. Kisha Desemba 2024 maandamano ya wakulima waliolalamikia ardhi yao, yaliyochanganyika na vurugu za baada ya uchaguzi, yaliufunga mgodi hadi katikati ya mwaka uliofuata. Waliopanga hesabu za Washington walikuwa na safu ya asili, safu ya umiliki na safu ya thamani. Safu ya mashamba hawakuwa nayo. Huku Tanzania, kinywe cha Mahenge, wilayani Ulanga, kimepata mnunuzi na mwekezaji Mkorea, POSCO, ambaye ana mkataba wa biashara huria nyuma yake na viwanda vya anodi mbele yake. Msimamo huo ni mzuri kwa mgodi. Kwa Ulanga kama mahali pa viwanda, sina uhakika.

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alisaini sheria iliyofuta punguzo la mnunuzi kuanzia mwisho wa Septemba. Wamarekani wakakimbilia maduka ya magari, robo hiyo ikavunja rekodi ya mauzo ya magari ya umeme, kisha soko likadondoka. Masharti ya madini yaliyosababisha kampuni kuhangaika kutoka Kenitra hadi Kahama yalidumu miaka mitatu na mwezi mmoja na nusu. Leseni kubwa ya mgodi huchukua miaka mingi zaidi ya hiyo kutoka uchunguzi hadi mzigo wa kwanza.

Kilichobaki, japo kwa masharti makali zaidi kwa wenye uhusiano na China, ni malipo kwa mtengenezaji: dola 35 kwa kila kilowati-saa ya seli na 10 zaidi zikifungwa kwenye moduli. Kwa betri ya kilowati-saa 75 hizo ni dola 3,375, na zinakwenda kwa mwenye kiwanda, si kwa mnunuzi. Malipo hayo hayaulizi moja kwa moja kobalti imesafishiwa Korea au Lubumbashi. Ukiwa Katanga, huo ni unafuu wa aina yake.

Kinshasa nayo imeamua kuandika masharti yake. Februari 2025, kobalti ikiwa imeshuka chini ya dola 10 kwa ratili, ilisimamisha usafirishaji wote. Oktoba ikaurudisha kwa mgao: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, na tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027, kiasi kisichofika nusu ya kilichochimbwa 2024. Bei ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu mwaka ulipokwisha. Hatari inajulikana: betri za chuma na fosfeti zilikwishachukua karibu nusu ya soko la dunia mwaka 2024, na kobalti ikiwa ghali huwapa wahandisi sababu nyingine ya kuiacha.

Katika mgao huo kuna kipengele ambacho hakikuandikwa sana magazetini. Tani 9,600 kati ya zile 96,600 hazikugawiwa migodi kwa kufuata uzalishaji wao wa zamani. Zimebaki mikononi mwa mamlaka ya udhibiti, ARECOMS, kwa miradi ya kimkakati ya taifa. Mamlaka ikizigawa kwa anayejuana na wakubwa, zitapanda malori yaleyale kuelekea Kasumbalesa. Ikizitoa kwa sharti kwamba anayezitaka awe na kiwanda cha salfeti Kolwezi au Likasi, itakuwa mara ya kwanza kwa kibali cha Kongo kufanya kazi iliyofanywa na orodha ya Beijing mwaka 2015.